Mikeka Chini ya Mabati ya Mama

Rasto,

Chai iko kwenye themosi. Maharagwe yameiva, tia chumvi tu.

Nimeshindwa kutulia. Nimekwenda Paya kupigilia mikeka ya mafunjo chini ya mabati ya Mama, izuie joto. Jana saa nane mchana chumba chake kilikuwa na nyuzi joto thelathini na nane. Feni inapuliza joto lile lile na kumaliza umeme, na presha ya Mama haishuki.

Asubuhi ulinicheka: "Mimi niingie chumba cha mama mkwe? Wazee si watanidai faini ya mbuzi!" Sawa, mila naijua.

~~Usinifuate.~~

Njoo. Siwezi kuwa juu ya ngazi na chini kwa wakati mmoja. Utasimama nje, unipitishie mikeka dirishani. Nimempigia mjomba wako simu kuhakikisha: amesema dirishani si chumbani.

Mkeo, Mama Auma