Masomo ya Gati Dirishani

Kitaji,
S.L.P. 214,
Musoma.
Jumapili, 14 Novemba 1993

Mpendwa Dada Benedikta,

Shikamoo. Kabla ya yote naomba radhi kwa kimya changu. Barua yako ya Pasaka ilifika salama, nikaisoma mara mbili, nikaiweka ndani ya kamusi ili nisisahau kuijibu. Kamusi hiyo nimeifungua kila siku tangu mwezi wa nane, na kila siku barua nimeiona. Kwa hiyo siwezi kusingizia kusahau. Kwanza nilikuwa na kazi, baadaye nikawa na aibu, na leo nakueleza yote mawili.

Magoti yako yanaendeleaje na baridi ya Tukuyu? Usiache kuyakanda jioni. Sisi hatujambo. Mke wangu Jenoveva alishikwa na malaria mwezi wa tisa, akapona, na sasa amerudia kunikataza chumvi. Mvua za vuli zimeanza vizuri, muhogo wa shamba la Butiama umeshika. Wewe uliyekuwa ukitutumia sabuni kwa basi miaka ile ya foleni, ungeyaona maduka ya hapa leo ungecheka. Sabuni ni kuchagua.

Sasa nije kwenye kazi na aibu.

Tangu tulipomzika mwanangu Rafaeli, mkewe Gati amebaki hapa kwetu na watoto wao wawili. Kaka yake wa Guta amekuja mara mbili kutaka dada yake arudi huko kulima, na watoto wahamishwe shule. Gati hataki, nami sitaki, lakini pensheni ya mwalimu mmoja haitoshi nyumba hii. Mwezi wa nane kiwanda kipya cha minofu ya sangara kilitangaza nafasi ya karani wa mapokezi. Huyo hupokea samaki kutoka kwenye boti na kuandika kwa Kiingereza nani ameleta nini na lini, maana vitabu husomwa na wanunuzi wa Ulaya. Gati ana hesabu safi na mwandiko ulionyooka. Kiingereza chake kilikuwa cha darasa la saba, yaani hakikuwapo.

Nikasema nitamfundisha mwenyewe. Nilianza na vitenzi visivyofuata kanuni, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyomwumbua mtu. Anayesema "bringed" mara moja, hakuna atakayeisikiliza sentensi yake ya pili. Tukakariri "bring, brought, brought" mpaka kuku wa uani wakakijua. Kisha sentensi: boti hii ilileta nini jana, nani ameleta kapu hili. Kwa majuma tisa alijifunza vitenzi arobaini na viwili, na hakuna alichokisahau. Katika miaka thelathini na mmoja ya ualimu nimepata wanafunzi watatu tu wa namna hiyo.

Nilimfundisha kwa namna ambayo haya ya ukwe inaruhusu. Desturi yetu unaijua kuliko mimi: baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani usoni. Kiti changu kilikuwa barazani, kimeelekea barabarani. Yeye alikaa ndani, chini ya dirisha, ameutazama ukuta. Mimi niliuliza bila kugeuka, na jibu lilitoka dirishani.

Jirani yetu Wankyo alipita akasimama. "Mwalimu, siku hizi unafundishaga ukuta?"

Nikamwambia aondoe kwanza hiyo "-ga", ndipo nitakapomjibu.

"Basi ukuta wako unajuaga kuliko watoto wangu," akasema, akaenda zake.

Tarehe 29 Oktoba Gati aliitwa kwenye usaili. Walikuwapo Mzungu mmoja mwenye mvi, wa umri wangu, na ofisa mmoja Mtanzania. Yule mwenye mvi alimwuliza kwa Kiingereza, naye akawa bubu. Akaulizwa tena, kimya. Ndipo Gati aliposimama, akakigeuza kiti chake kikatazama ukuta, akaketi, akajibu maswali yote bila kosa hata moja.

Dada, wale watu walidhani wanadharauliwa. Ofisa aliandika kwenye karatasi yake kwamba huyu mama hana adabu, akamwonyesha mlango. Gati, ambaye kwa miaka tisa hajawahi kukatiza mbele yangu.

Alimsimulia Jenoveva jikoni, na Jenoveva akanisimulia mimi. Nilikula nusu ya ugali nikaacha. Kosa halikuwa la mwanafunzi. Nilimfundisha kukinyambua kitenzi, lakini kitenzi husemwa na mtu akimwambia mtu, na hilo sikumfundisha.

Asubuhi ya Jumatatu nilivaa koti nikaenda kiwandani. Nilimweleza yule ofisa kwamba alichokiona ni heshima, tena ya daraja la juu, na kwamba aliyemzoesha ukuta ni mimi. Ni kijana wa Iringa. Alisikiliza, akasema kwao pia mkwe ana mambo yake. Akampangia usaili wa pili Ijumaa ya tarehe 12.

Siku kumi na moja tu. Haya hiyo ya ukwe huondolewa na shangazi wa mume, kwa kumvika mke wa mwana nguo mbele ya shahidi, na shangazi ni wewe. Barua huchukua majuma mawili kufika huko. Kwa hiyo nililifungua sanduku, nikaitoa ile khanga uliyoiacha baada ya msiba, na Jenoveva akamvika Gati mabegani kwa jina lako, Wankyo akiwa shahidi. Nimezishika kanuni maisha yangu yote, na hii nimeivunja nikiijua. Sijutii. Lakini ukisema nimekosa, nitalipokea karipio kama mdogo wako.

Kisha nikakigeuza kiti.

Siku ya kwanza Gati alikijibu kidevu changu. Siku ya pili akafika puani. Siku ya nne alinitazama machoni, na mimi ndiye niliyetaka kuinamisha kichwa. Ana kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto. Miaka tisa nyumbani kwangu, sikulijua.

Siku ya sita nilimwambia anitungie sentensi zake mwenyewe. Nilitarajia boti na sangara. Akasema kwa Kiingereza, polepole, akinitazama, kwamba Rafaeli alimleta katika nyumba hii siku ya mvua, na kwamba yeye alileta mkeka na taa moja, na taa hiyo bado inawaka. Hakuwahi kulitaja jina la mwanangu mbele yangu tangu msiba, wala mimi mbele yake. Sikusahihisha kitu, maana hakikuwapo cha kusahihisha. Tukakaa hadi Jenoveva alipotuita kula.

Juzi nilimsindikiza hadi langoni. Alitoka baada ya nusu saa. Nikamwuliza imekuwaje.

"Baba, nilimtazama yule mzee mpaka akavua miwani akaifuta," akasema.

Nikamwambia inatosha, asizidishe.

Msalimie shemeji Makongoro, na mjukuu wetu Shida umwambie babu yake wa Musoma anadai barua yenye aya na nukta. Jenoveva anakupa mkono. Gati anakuamkia, na khanga ameikunja vizuri akisubiri neno lako. Mungu ayape magoti yako nguvu ya kukufikisha Musoma, uje umvike mwenyewe kwa mikono yako.

Majina yatabandikwa kwenye lango la kiwanda Jumatatu ya tarehe 22. Mimi na Gati tutakwenda kuyasoma pamoja, na siku hiyohiyo nitakuandikia walivyoamua, jina lake liwemo au lisiwemo.

Ni mimi mdogo wako akupendaye na kukuheshimu,

Magige