Randa ya Kuazima

Mdogo wangu,

Huku tupo, na mvua imenipa nafasi ya kukaa chini nikuandikie. Mwanangu ameota meno mawili na anang'ata kila kitu, hata penseli yangu ya kazi.

Umeniuliza kama ununue randa ya mviringo. Usinunue. Ni ya kulainisha migongo ya viti vilivyopinda tu, na mteja wa kiti kama hicho unaweza kumaliza mwaka usimwone. Azima.

Mimi huazima kwa kaka yetu. Tangu tugombanie karakana ya baba hatujuliani hali, lakini hajawahi kuninyima randa. Nabisha hodi, ananipa, anasema, "Usiitie pengo." Nikiirudisha anapitisha kidole kwenye makali, anaguna. Miaka yote hii mazungumzo yetu ni hayo. Dukani zipo, nazipita kama sizioni.

Jumatatu shemeji kaniletea ile randa, kaifunga ndani ya shati la kazi la kaka. "Kasema ukae nayo. Kifua hakimruhusu tena."

Nikamuuliza, "Anakula?" Akatazama chini.

Tangu siku hiyo iko mezani kwangu. Kiti cha kulainisha sina, na sasa sina hata sababu ya kubisha mlango ule.

Kwa hiyo nimeinoa vizuri. Kesho nairudisha, nitamwambia nimemaliza kazi. Akishaguna, nitaiazima tena.

Nawe njoo upesi.

Kaka yako wa kati