Kigelegele cha Mama Mkwe

Barani, Malindi

Kwa dada yangu Dama,

Shikamoo dada. Shikamoo tena, na hiyo ya pili ni ya kuomba radhi kwa kukaa kimya miezi miwili. U hali gani? Mguu umepoa? Mvua imenyesha huko Mariakani, au bado mnayatazama mawingu yakipita? Mimi ni mzima, na neno hilo naliandika kwa mkono wangu mwenyewe. Ngumbaru, ile shule yetu ya watu wazima, haikuwa bure. Nawe pia unasoma ngumbaru, basi barua hii isome mwenyewe, hata ikikuchukua siku mbili. Usimpe mtu akusomee. Ukifika katikati utajua kwa nini.

Dada, nimepasuliwa kifua. Keti kwanza. Kile kikohozi ulichokisikia kwenye matanga ya shangazi hakikuwa vumbi la machimbo peke yake, kama nilivyokuwa nikikuambia. Miaka ishirini ya kukata mawe si mchezo, lakini picha ilionyesha jipu ndani ya pafu la kulia. Daktari akasema dawa zimeshindwa, litolewe, nikapelekwa Mombasa. Sikukuarifu kwa sababu nakujua. Ungepanda basi na kuku wako wawili uje kulia wodini.

Lakini kisu sikukiogopa, nakuambia kweli. Nilichoogopa ni mpira. Unakumbuka kaka yetu Mwero alipopasuliwa mshipa wa ngiri? Kupasuliwa alipasuliwa vizuri, kisha mkojo ukakataa kutoka. Tumbo likavimba, akalia mtu mzima yule, mpaka akatiwa mpira. Akarudi nyumbani na mpira wake na mfuko wake, na kule mangweni wanywa tembo wakamtungia wimbo. Hajakanyaga pale hadi leo. Nikaapa moyoni, mimi nikitiwa mpira nahama Malindi.

Na sababu ya kuogopa nilikuwa nayo. Mwaka wa pili huu mkojo wangu hauna adabu. Nasimama, nangoja, unatoka kidogo, unakatika. Nikishaondoka, nusu saa haipiti naitwa tena. Aliyejua ni mke wangu Kache peke yake, naye nilimkataza kusema.

Siku moja kabla ya kupasuliwa, sista akaja na karatasi yake ya maswali. Ni msichana wa bara, Mkamba, jina lake Mueni, mwema sana, ila sauti yake utadhani anamwita mtu ng'ambo ya feri. Na aliyeketi miguuni pa kitanda changu ni nani? Mama mkwe! Katoka Matsangoni na chupa ya uji. Wajua mimi na mama mkwe hatujala sahani moja tangu nimwoe bintiye. Nikimwona njiani naingia kichakani kumpisha, ndiyo heshima ya mkwe kwetu. Basi sista akauliza, wodi nzima ikasikia, "Mzee, mkojo unatoka vizuri?"

Salaale! Nikatazama dari.

"Vizuri kabisa."

"Usiku huamki?"

"Siamki. Nalala fofofo."

Akaandika. Mama mkwe akakoroga uji wala hakuinua macho. Nikajiona mjanja.

Mama mkwe alipoondoka, jua halijatua, sista akarudi na daktari, wakavuta pazia. Daktari ni mtu wa makamo yangu. Akasema, "Mzee Kahindi, tusidanganyane. Wanaume wa umri wetu wengi wana nyama inayobana njia ya mkojo. Ukiongeza dawa ya usingizi na sindano za maumivu, kibofu kinazubaa na mlango wake unajifunga, ndipo mpira unapohitajika. Lakini tukijua mapema, kuna vidonge vya kuulegeza ule mlango. Unaanza leo, unaendelea baada ya upasuaji. Siahidi, ila vinasaidia."

Dada, nilikiri yote, hata yale ambayo hakuniuliza. Wakanipa kidonge na onyo kwamba nisiinuke ghafla, maana kinashusha presha na nitaona kizunguzungu. Nikadhani sista amenisoma usoni.

Asubuhi nikapasuliwa. Nilipozinduka adhuhuri ilikuwa imepita, bomba limetoka ubavuni linamwaga uchafu kwenye chupa sakafuni, na kila nikivuta pumzi ni kama mtu anakanyaga mbavu zangu. Lakini mawazo yangu hayakuwa kifuani. Saa tisa, hakuna kitu. Saa kumi, hakuna, na chini ya kitovu panaanza kujaa. Nikaletewa chombo, nikajaribu nimelala, wapi! Daktari akasema tungoje hadi saa kumi na mbili, baada ya hapo hapana budi, ni mpira. Ule wimbo wa Mwero nikausikia masikioni. Nililia, dada, sitakuficha.

Ilipobaki nusu saa, sista akasema, "Mzee, hili jambo hujazoea kulifanya umelala. Tukusimamishe." Wakanikalisha kwanza ukingoni mwa kitanda, Kache, aliyekuja kuniuguza, kushoto, sista kulia na ile chupa ya kifua mkononi. Dunia ikazunguka, tukangoja itulie, kisha nikasimama. Pazia limefungwa. Kimya. Halafu ukaanza, kidogo kidogo, kisha ukaja wenyewe kwa nguvu ambayo sijaiona miaka miwili, chombo kikawa kinalia. Na nyuma ya pazia kikapigwa kigelegele, kirefu, cha arusini kabisa. Mama mkwe!

Wagonjwa wakapiga makofi. Kache akacheka nusura aniachilie. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na huku machozi ya furaha yananitoka.

Niliporudishwa kitandani nikamwambia sista, "Mwanangu, Mungu akubariki, uliugundua uongo wangu."

"Si mimi, mzee," akasema. "Jana yule mama alinifuata hadi barazani. Akaniambia, 'Mkwe wangu amekudanganya kwa sababu mimi niko pale. Nikiondoka muulize tena. Nikilala kwao huusikia mlango wa uani ukilia mara tano kwa usiku.'"

Miaka yote hiyo nampisha njiani, kumbe mwenzangu anahesabu milio ya mlango wangu, ananihurumia kimya kimya.

Sasa niko nyumbani, nyuzi zimetolewa, vidonge bado nameza, na hiyo njia ya mkojo nitarudi ipimwe. Mwero mwambie faraghani kwamba dawa ipo, na siku akipasuliwa tena aseme mapema. Nisalimie shemeji, na mwanao wa kiwanda cha maziwa, na mke wangu mdogo yule, mjukuu wetu, anayenidai pipi.

Nina ombi moja. Nunua leso nzuri, uje, uende nayo Matsangoni umshukuru mama mkwe kwa kinywa changu. Ningekwenda mwenyewe, dada. Lakini jana alipita hapa kunijulia hali, nami nilipomwona tu nikainuka pole pole, kama nilivyofundishwa hospitali, nikaingia kichakani kumpisha.

Ndimi mdogo wako uliyemlea,
Kahindi