Karatasi Ndani ya Kifuniko cha Achari

Leo Jumanne, Mofiz, baada ya adhuhuri, ndipo kiwanda chetu cha achari kilipoaibika.

Si nilikwambia meneja Shafayet kaondoa vipira vya ndani ya vifuniko, kaweka karatasi? Kwenye achari ya mafuta ya haradali! Nikamwambia tupindue chupa juu ya gazeti hadi kesho yake tuone kama mafuta yatavuja, kama alivyokuwa akifanya marehemu mke wangu. Akacheka: "Mzee, hapa ni kiwandani, si jikoni kwa mkeo!"

Basi leo kaja mnunuzi, kanzu nyeupe pee. Meneja kapindua chupa juu ya mapaja ya mgeni: "Tazama bosi, haivuji!"

Juu ya mapaja, Mofiz!

Mafuta ya njano hadi kwenye viatu. Meneja akanigeukia mimi: "Nani kafunga chupa hii? Afukuzwe!"

Nikasema nimefunga mimi. Nikauliza mbele ya wote: na karatasi kachagua nani?