Kwa Benta, Habari za Akeyo Nilizokuficha

Nyumba za Reli, Makongeni,
Nairobi.
Jumapili, 22 Januari 1984

Mpendwa dada yangu Benta,

Pokea salamu zangu na za wifi yako Phelister. Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na shemeji Masunga na mapacha wenu Kulwa na Doto. Ulisema kifua kilikusumbua wakati wa mvua, je, kimepoa? Na maji huko Tabora, bado mnayafuata mbali? Mimi bado niko karakana ya mabehewa, upande wa mbao. Mgongo hauniumi sana siku hizi.

Nimeandika kwa Kiswahili ili shemeji naye ajisomee. Kwa lugha yetu nilijaribu mara mbili, sikufika mstari wa tatu.

Barua yako ya Desemba ilifika. Unasema kwa kuwa mpaka umefunguliwa utakuja Pasaka, na kwamba umemshonea Akeyo gauni, ila hujui amerefuka kiasi gani, kwa hiyo umeacha pindo kubwa. Unaomba tukutumie kipimo cha bega na kiuno.

Benta, kama uko peke yako nyumbani, mngoje Masunga arudi kazini ndipo uendelee kusoma.

Akeyo hayuko. Alifariki tarehe 12 Machi 1981, karibu miaka mitatu sasa. Tulimzika nyumbani Ugenya, nyuma ya nyumba ya mama.

Najua utazitoa barua zangu mbili, ile ya mwaka juzi na ile ya mwaka jana, uzisome tena. Ndiyo. Katika zote mbili nilikuandikia kwamba Akeyo hajambo na anafanya vizuri shuleni. Phelister hakujua. Mama hajui kuandika, na kule nyumbani hakuna mwingine mwenye anwani yako, basi uongo wangu haukupata wa kuupinga. Phelister aliujua juzi tu, maana barua yako aliifungua yeye. Alisoma mpaka kwenye gauni, akaikunja, akaiweka mezani mbele yangu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwandikie. Siwezi kumfungulia mlango mtu anayemwulizia mtoto wangu."

Basi nakuandikia yote, kama ilivyokuwa.

Ulipoondoka na Masunga, reli ya Afrika Mashariki ilipogawanywa, Akeyo alikuwa na miaka mitatu na nusu. Unamkumbuka mnene, mwenye kununa ukimsuka. Alikua mwembamba, mwenye maneno mengi. Alipenda kusimama kwenye ua kuniambia nani kapita tangu asubuhi na alikuwa amebeba nini. Nikirudi kazini nilikuwa nasikia habari za mtaa mzima kabla ya kuvua viatu.

Julai 1980 alikuja kwangu akaniambia jino linacheza. Alikuwa na miaka saba, nami nikafurahi, kwa sababu ndio umri wake. Nililifunga kwa uzi nikaling'oa mwenyewe, tukacheka. Baada ya siku nne jino la nyuma nalo likaanza kucheza, kisha la pili yake. Shavu likavimba. Nilimpa maji ya chumvi asukutue. Nikasema ni usaha, utatoka. Wiki zikapita hivyo. Aliyetuamsha ni jirani yetu Teresiah, yule mke wa Muturi fundi bomba. Alimshika mtoto kidevu, akamgeuza kwenye mwanga, akaniambia niache kazi siku hiyo nimpeleke hospitali.

Dispensari walitutuma hospitali kuu. Huko walimkata kipande kidogo cha nyama wakapime. Daktari aliponiita alisema ni kansa ya taya. Nilidhani kansa ni ugonjwa wa wazee, Benta. Nilimwuliza kama ningemleta siku lile jino la kwanza lilipotoka ingekuwa vingine. Alinitazama kidogo akasema, "Usijiulize hilo sasa, mzee. Tumtibu mtoto." Mpaka leo sijui kama lile lilikuwa jibu.

Walianza kumdunga sindano. Huwezi kuamini nilichokiona. Siku ya tano shavu lilikuwa limepungua, na wiki ya pili uso ukarudi kuwa wake. Nywele zilianguka zote, naye akawa anajifunga kitambaa cha Phelister kichwani na kutembea wodini kama mama wa nyumba. Oktoba waliturudishia mtoto. Nilinunua nyama soko la Burma, mbuzi mzima, tukawaalika majirani na watu wa karakana. Nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda. Nilisema Mungu amemponya mwanangu, na watu wakasema amina.

Januari alianguka akienda choo cha nje. Alisema miguu imelala. Nilimsugua kwa mafuta, ikawa kama nasugua miguu ya meza, hahisi chochote. Tulimrudisha hospitali siku hiyohiyo, safari hii sikungoja hata chai. Sindano zilikuwa zilezile lakini hazikufanya kitu. Ugonjwa ulikuwa umeingia kwenye uti wa mgongo, na kutoka hapo ukapanda kichwani. Akawa anaona vitu viwili viwili. Phelister akimletea kikombe, anaupeleka mkono pembeni.

Sasa nikuambie la kwako. Alikukumbuka. Sijui mtoto wa umri ule anawezaje, lakini alikumbuka kwamba ulikuwa ukimsuka umekaa kizingitini, na kwamba ulimpa mbegu za malenge akae kimya. Siku moja wodini aliniuliza, "Shangazi anajua mimi ni mgonjwa?"

Anwani yako sikuwa nayo. Barua niliyotuma Moshi, mlikokaa kwanza, ilikuwa imerudi na muhuri, kwamba mmehama. Nilimwambia unajua, na kwamba unakuja. Akauliza lini. Nikasema Ijumaa. Ijumaa ikapita, akauliza tena, nikasema gari la moshi limechelewa, utafika Ijumaa nyingine. Nilimwambia hivyo Ijumaa sita. Mwishoni hakuuliza tena, na sikuthubutu kujua kama amesahau au ameacha kuniamini.

Alifariki siku ya Alhamisi, saa tano na nusu asubuhi. Phelister alikuwa naye. Mimi nilifika saa saba, wakati wa kuwaona wagonjwa, nimebeba uji. Muuguzi aliniambia niketi kwanza. Sikuketi.

Ndambuki, tunayefanya naye kazi meza moja, ndiye aliyetengeneza sanduku. Nilitaka nilitengeneze mwenyewe, lakini kila nikipima mbao nilikosea, zikawa fupi. Aliniondoa polepole akamaliza.

Tangu hapo siendi kanisani. Mchungaji amekuja mara tatu, nikamtengea kiti na chai, nikamsikiliza. Ananiambia muda utaponya. Haujaponya. Phelister huongea nami mambo ya nyumba tu: sukari imeisha, bomba halina maji. Sidhani ananichukia.

Mirriam, mdogo wake Akeyo ambaye hukuwahi kumwona, atatimiza sita mwezi ujao. Krismasi alinijia akifurahi, jino linacheza. Nilitoka nje, Benta, nikamwacha amesimama kinywa wazi. Phelister alimpeleka kwa daktari wakasema ni jino tu. Lakini kila anapokula namtazama mashavu, na mtoto sasa ananiogopa. Akila, hunigeuzia mgongo.

Usimpe Mirriam gauni lile la Akeyo. Sitaki kuliona kwake. Mpe mtoto mwingine yeyote huko.

Utataka kujua kwa nini nilikudanganya, nami nimejiuliza tangu asubuhi. Barua yako ya kwanza ilipofika mwaka juzi, ulimwuliza yeye kwanza kabla yetu sote. Nilishika kalamu niandike ukweli. Nikaona kwamba Makongeni amekufa, Ugenya amekufa, ila Tabora kuna nyumba ambako bado anakua na kusoma. Nikamwacha huko. Leo nimemtoa. Nilidhani nikishaandika nitapata nafuu. Sijapata.

Ukiweza kunisamehe, njoo Pasaka. Usipoweza, nitaelewa. Ukija nitakupokea stesheni mwenyewe, na tukifika usimsemeshe Phelister habari hizi mpaka aanze yeye.

Msalimie sana shemeji Masunga, umwambie pole, najua alimpenda Akeyo. Wasalimie Kulwa na Doto. Teresiah na Muturi wanakusalimu, na mama pia, nilipomwona Novemba, alikutaja. Mungu awalinde watoto wako wawili. Mimi siombi tena kwa ajili ya nyumba yangu, lakini kwa ajili ya yako nimeomba leo.

Wako akupendaye, ingawa nilikukosea,
kaka yako,
Walter Otiende