Taa Ndogo Chini ya Bampa

Sogokuru, babu yangu,

Shangazi atakusomea barua hii hapo Majimoto, na namwomba asome polepole. Uliondoka hapa nyumbani Katumba ukisema unakwenda kumsaidia kuvuna mpunga. Mpunga umeshavunwa, umeshauzwa, na wewe hujarudi. Sasa najua kwa nini. Nimejua juzi.

Kumbuka kwanza kwamba lile lori tulilitengeneza sote. Baba alipolileta kutoka mnadani, lori kuukuu la jeshi, panya walikuwa wamezaa ndani ya dashibodi na hakukuwa na waya hata mmoja mzima. Ulilizunguka, ukalipiga tairi teke, ukamuuliza, "Mwanangu, hili umenunua, au umepewa ukalizike?" Baba alicheka mpaka akakaa chini.

Likizo nzima Baba alilala chini ya lori, mimi nikakaa juu na testa ya kupimia umeme na kitabu changu cha fizikia. Nyaya zilinishinda. Zilijaa mapajani kama tambi, nami nilikuwa karibu kulia. Ukaja, ukazichukua, ukazinyoosha na kuzifunga mafungu mafungu, kama unavyofunga tumbaku ikishakauka. "Za mbele na za mbele, za nyuma na za nyuma," ulisema. "Jani halijui linakokwenda. Anayejua ni mfungaji." Mchana ulikaa kwenye kikanyagio cha lori ukitafuna hindi la kuchoma na kuniita Injinia Miwani. Hukuliogopa lori. Hilo ndilo lililonichanganya baadaye.

Jioni ile ya mwisho kabla hujaondoka tulifunga betri zote mbili. Jua lilikuwa limezama, kuku wameingia bandani. Honi ililia, tukapiga makofi. Taa kubwa ziliwaka, ukasema sasa unaweza kwenda kula. Swichi ya taa ilikuwa na hatua moja zaidi ambayo hatukuijua, maandishi yake yalishafutika. Nikaizungusha. Tulidhani hakuna kitu, mpaka nilipoinama. Chini ya bampa kulikuwa na taa ndogo iliyovikwa kofia ya chuma, inamwaga mwanga hafifu ardhini.

"Sogokuru, njoo uone," niliita. "Kumbe lina katoto ka taa."

Ulitoka jikoni. Sahani ikakudondoka. Sikuwahi kukuona ukikimbia, wewe unayefukuza tembo shambani kwa kupiga debe. Ulinishika mkono, ukanivuta hadi katikati ya mahindi, ukanilaza chini na kuniziba mdomo. Ukaninong'oneza kwa Kirundi, "Ceceka." Ninyamaze. Baba alikuwa akiita, "Mzee! Mzee, kuna nini?" na kila alivyoita ndivyo ulivyozidi kunikandamiza.

Taa ilipozimwa, ulinyanyuka, ukanipangusa udongo kwenye sketi. "Nimekuumiza?" Nilisema hapana. Asubuhi ukapanda basi. Baba alisema labda ni malaria imepanda kichwani, nami nikaamini.

Lakini ile taa ilinisumbua. Nilijiuliza, taa isiyoangaza mbali ni ya nini? Juzi jioni nilimwomba Baba tuipime. Yeye alipanda kwenye lori, mimi nikatembea hadi njia inapokuwa nyembamba, kule mahindi yanakoishia, nikageuka.

"Baba, washa!"

"Nimeshawasha."

"Mbona giza?"

"Giza wapi? Mimi huku naona njia vizuri, mpaka kokoto."

Nilikodoa macho mpaka yakauma. Mbele yangu hakukuwa na lori. Halafu Baba akaliondoa taratibu, na nikasikia injini inanijia kutoka mahali ambapo sikuona kitu. Nilipiga kelele asimame, na aliposimama alikuwa karibu kuliko nilivyodhani.

Sogokuru, ile taa iliwekwa ili lori lione bila kuonekana.

Najua tu kwamba ulikuja Tanzania ukiwa mtoto, umebebwa mgongoni na dada yako, mkavuka mto. Kila ukisimulia unaanzia mtoni. Hujawahi kutuambia yaliyokuwa kabla ya mto, na mimi sikuwahi kuwaza kwamba kulikuwa na kabla. Nilisimama pale njiani nikiwafikiria watu waliolala majumbani mwao, malori ya jeshi yakiwajia usiku bila kuonekana. Na mimi ndiye niliyekuita uje uione, nikicheka.

Nilimweleza Baba. Alikaa kwenye kikanyagio. "Mimi nimezaliwa hapa hapa," alisema. "Miaka yote hii, hajaniambia." Kisha akachukua spana. Bolti zilikuwa zimeshika kutu, akazipiga nyundo mpaka zikakatika. Mimi niliutoa waya wake wote kuanzia kwenye swichi, nikaiweka balbu juu ya jiwe, nikaiponda. Unanijua. Sijawahi kuvunja hata kikombe kwa hasira. Mpaka sasa naitazama mikono yangu na siielewi.

Sikuulizi ulichokiona. Siku ukitaka kuanzia kabla ya mto, nitakaa nisikilize. Usipotaka, tutaanzia mtoni kama siku zote. Ninachotaka ni urudi nyumbani.

Jumamosi Baba anakuja Majimoto kupakia mzigo, nami nitakuwa naye. Tutaingia saa sita mchana, jua likiwa utosini, na taa kubwa zote mbili tutaziwasha tangu barabara kuu. Watu watatucheka, na watucheke, mradi utuone tungali mbali. Lori litabaki sokoni. Nitashuka nije kwa shangazi kwa miguu, peke yangu, na mimi ambaye darasani sisikiki hata nikijibu swali, nitakuita kwa sauti kubwa kabla sijafika mlangoni. Kama hutaki kulipanda, tutarudi kwa basi, wewe na mimi.

Nikikuita, naomba uitike.

Mjukuu wako.