Kebo Isiyovuma

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako sasa linapanda ngazi bila kunung'unika. Mimi ni mzima wa mwili. Ila kuna sauti moja haijanitoka tangu Jumanne ya wiki iliyopita: "ta!", fupi, kavu, kama ufito uliovunjwa gotini. Nikifunga mlango naisikia. Nikiweka kikombe mezani naisikia. Nitakueleza ilitoka wapi, lakini niache nianzie mbali kidogo.

Katika barua yako uliuliza, kwa kejeli zako, kama kweli nilisoma miaka yote ile ili nije kusafirisha umeme wa tochi. Nilicheka peke yangu ofisini. Baba, umeme uliopambana nao juu ya nguzo miaka thelathini ni mkondo geu: huenda na kurudi mara hamsini kwa sekunde. Transfoma huupandisha na kuushusha itakavyo, ndiyo maana ukatawala. Lakini upitishe kwenye kebo ndefu iliyozikwa ardhini, unakuwa kama mbeba maji anayekunywa ndoo njiani. Kila ukigeuka, kebo yenyewe inataka kujazwa na kumwagwa upya. Kwa hiyo hapa kituoni tunaunyoosha, unasafiri njia moja tu, na huko mwisho wa safari unageuzwa tena ndipo uingie majumbani. Huo ndio umeme wangu wa tochi. Tochi moja inawasha mji mzima.

Kazini nimepangiwa kufanya kazi na fundi mmoja wa makamo, wanamwita Koleo kwa sababu akishika kitu hakiachi. Siku ya kwanza alinitazama viatu, akauliza wenzake kama huyu injinia wa karatasi ameletwa kufanya kazi au kupigwa picha. Tangu hapo ameniita Karatasi, na mimi nikamzoea kama mjomba. Ndiye aliyenifundisha kusikiliza feni za kupoza mitambo, na kutomwamini mtu yeyote anayesema "tayari" haraka.

Jumanne hiyo kebo ilizimwa asubuhi ili tubadilishe kiungo chake kimoja. Unajua kanuni: kwanza unapima, kisha unaunganisha waya na ardhi kwa kutumia fimbo ndefu isiyopitisha umeme, ili uliobaki ndani umwagike, halafu ndipo mkono wa mtu uguse. Koleo aligusa kabla ya fimbo. Ndipo iliposikika ile sauti. Aliruka kutoka kwenye jukwaa, akaangukia bega. Vidole viwili vimeungua na mfupa wa bega umevunjika. Daktari, kwa kuangalia majeraha, amesema yaliyobaki kwenye kebo yalikuwa makombo tu. Ingekuwa dakika chache baada ya kuzimwa, tungekuwa tunazungumzia mazishi.

Kamati iliketi siku mbili. Taarifa yao ina kurasa nne na hitimisho la mstari mmoja: fundi alikiuka utaratibu kwa uzembe wake. Anaachishwa kazi mwisho wa mwezi, akiwa amebakiza miaka mitatu astaafu. Yeye mwenyewe aliwaambia alighafilika, basi. Nilipomtembelea hospitali alikuwa anamtania muuguzi kwamba umeme ulimsalimia tu mlangoni, haukumkaribisha ndani. Muuguzi alipotoka, akaniambia kwa sauti ya chini nile kiapo cha kunyamaza. Alisema yeye ni nguo iliyokwisha kufuliwa sana, mimi bado sijatoka dukani. Mkewe alikuwa ameketi hapo na bakuli la uji, akitazama dirishani. Sikuweza kumtazama.

Sasa, Baba, soma hapa ukiwa umeketi.

Koleo hakughafilika. Fimbo ilikuwa imeachwa upande wa pili wa jengo, naye alikwisha kugeuka kwenda kuichukua. Mimi ndiye niliyemzuia. Nilitoa kile kipima-umeme changu kidogo cha mfukoni, nikakisogeza kwenye kebo, hakikulia. Nikatega sikio kama ulivyonizoeza tangu utotoni, hakukuwa na mvumo. Nikamwambia asijisumbue, imekufa. Aliniuliza mara moja tu kama nina uhakika. Nikasema ninao.

Kipima hicho ni cha mkondo geu. Kwa umeme ulionyooka ni kiziwi, na kebo yenyewe haivumi ikiwa hai wala ikiwa imezimwa. Tena kebo ndefu hubaki na umeme wake kwa saa nyingi. Niliyajua yote haya. Niliyaandika kwenye mtihani nikapata alama za juu. Lakini mkono wangu ulifuata mazoea. Sikulaumu wewe hata chembe. Kwa waya zako sikio lilitosha. Kosa ni la aliyejua tofauti akasema "imekufa".

Najua umewatangazia majirani kuhusu injinia wako. Nisamehe kwa hilo pia.

Leo saa mbili asubuhi nimeandika maelezo yangu kwa jina langu na kuyapeleka masjala kwanza, yakagongwa muhuri na kupewa namba, nakala moja ikaenda kwa kamati. Ndipo nikaingia kwa mkuu wa kituo. Alinisihi niyaondoe, akasema faili limefungwa, kwa nini nipeleke shingo yangu kwenye kisu kisichoiita. Nikamwonyesha muhuri. Nimerudisha kibali changu cha kusimamia kazi, nikakiweka mezani kwake, na nimeomba hukumu ya Koleo ifutwe. Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja kwa mkewe, nikamweleza yote, yeye akiwa amesimama mlangoni. Hakunikaribisha. Nilimaliza hata hivyo.

Msalimie Mama, na umsomee barua hii wewe mwenyewe, usimwachie kusikia kwa watu.

Mwanao akupendaye,
Kifungua mimba wako